Uzi maalumu: Bastola kuukuu za jeshi, namna ya kuzisoma, kuzitunza na kuzipiga

Mjukuu wa Keya

Wakuu, heshima yenu.

Maswali ya bastola kuukuu za jeshi nimekuwa nikiyajibu kipande hapa kipande pale kwenye nyuzi za watu, na mara nyingi jibu linazama katikati ya mabishano. Leo nimekaa kitako niyaweke mahali pamoja, kwa wenzetu walioko Marekani wenye uraia au makazi ya kudumu. Mlioko nyumbani karibuni msome, ila sheria za huku na huko hazifanani. Nitaligusa hilo chini.

Nianze na sababu yangu. Babu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mwaka 1944 wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mpaka Kalewa ikachukuliwa Desemba ya mwaka huo. Hakuwa mtu wa kusimulia vita. Kitu kimoja tu alikuwa akikirudia: bastola ya ofisa wake ilifungwa kigwe kilichopita shingoni, ili hata ikidondoka kwenye tope isipotee. Alituonyesha kwa kidole, kutoka shingoni akishuka mpaka kiunoni. Miaka mingi baadaye, hapa Ohio, kwenye meza ya maonyesho ya silaha za zamani, nikaokota Enfield No. 2, revolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya jeshi la Uingereza, nikaigeuza, nikaiona pete ya kigwe chini ya kitako. Nilijaza fomu, nikachunguzwa, nikaondoka nayo siku ile ile.

Tangu hapo nimeongeza Tokarev ya Rumania na Makarov, zote za muundo wa Kirusi, Nagant ambayo ni revolva ya Kirusi, na P38 moja ya Kijerumani. Nazipenda kwa sababu zinasomeka. Bastola ya dukani leo ina jina la kampuni na namba, basi. Ya jeshi imegongwa mihuri na kila mkono uliopita.

Chukueni hiyo Enfield. Upande wa kulia wa fremu, chini ya nyundo, kuna taji, chini yake ENFIELD, halafu No 2 Mk I (yaani toleo la kwanza), halafu mwaka. Yangu ni ya 1937. Baada ya hiyo Mk I kuna nyota ndogo iliyokaa upande kidogo, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona kabisa imegongwa siku nyingine na fundi mwingine. Nyota hiyo ina kisa chake. Bastola hizi zilitoka kiwandani zikiwa na nyundo yenye pembe ya kukokia, yaani kuivuta nyuma kwa dole gumba. Mwaka 1938 ikaamuliwa pembe iondolewe, kwa sababu kwa askari wa vifaru ilikuwa inanasa kila mahali ndani ya kifaru. Zilizokuwa tayari mikononi mwa jeshi zikawa zinabadilishwa kila zilipoingia karakana, na nyota inagongwa. Kwa hiyo yangu imezaliwa na pembe, ikanyolewa baadaye. Karibu na hapo kuna mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na kwenye mtutu kuna mihuri midogo ya majaribio ya kiraia iliyogongwa ilipouzwa nje ya jeshi. Yote haya kwenye chuma kinachoenea kiganjani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa anayeanza: usiing'arishe. Usiipitishie brashi ya waya wala msasa, usiipeleke ikapakwe rangi mpya. Nimeona P38 nzuri kabisa ya mwaka wa vita imepigwa msasa ikawa inawaka kama sufuria ya sherehe, mihuri yote imefutika. Hapo hakuna tena cha kusoma, na thamani imeondoka pamoja na mihuri.

Kuhusu sheria za Marekani kwa ufupi. Silaha iliyotimiza miaka 50 tangu itengenezwe, na ikawa bado katika hali yake ya asili, serikali kuu inaihesabu kuwa ya kumbukumbu na ya mkusanyaji. Kuna leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, dola 30 kwa miaka 3. Unatuma maombi ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, nakala unampelekea mkuu wa polisi wa eneo lako. Ukiwa nayo unaweza kununua silaha za kundi hilo kutoka jimbo jingine na zikafika mlangoni kwako, lakini lazima uwe na daftari: kila inayoingia na kila inayotoka, tarehe, namba, na umeipata kwa nani. Si leseni ya biashara. Majimbo nayo yana sheria zao juu ya hizo, na mengine ni makali, kwa hiyo soma za jimbo lako kabla hujatoa hata senti.

Sasa kuzipiga. Hapa ndipo naomba tusiende mbio.

Bastola ya miaka 80 inaweza kupiga vizuri kabisa, lakini hujui imepitia nini. Mimi kila inayofika naifungua yote, naosha grisi ya ghala, namulika mtutu, kisha nampelekea fundi silaha apime. Springi nabadilisha hata kama zinaonekana nzima, za zamani naziweka kwenye bahasha yenye namba ya bastola. Uwanjani naanza na risasi moja kwenye magazini. Ikitoka vizuri naweka mbili, kuhakikisha haipigi mbili kwa mvuto mmoja wa triga. Ikipita mtihani huo ndipo najaza. Dakika kumi zaidi hazimuumizi mtu.

Ulizeni.

Mzigua wa Minnesota

Mkuu umenigusa, marehemu babu yangu naye alikuwa Keya, ila alibaki upande wa Abisinia. Swali: nimeona risasi za kizamani za Tokarev kwenye makopo ya bati, bei nafuu kuliko mpya. Kuna ubaya?

Mjukuu wa Keya

Ubaya hauko kwenye kupiga, uko kwenye jioni yake.

Risasi nyingi za jeshi za enzi zile, ile fataki iliyoko kwenye kitako cha ganda ina potasiamu kloreti. Ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu wa karibu kabisa wa chumvi ya mezani. Chumvi inanyonya unyevu wa hewa na kutu inaanza. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, ameona bati la nyumba iliyo karibu na bahari linavyoliwa.

Mimi niliona kwa macho yangu. Tokarev yangu ya kwanza nilipiga risasi 40 za kopo, nikarudi nyumbani nimechoka, nikapitisha kitambaa chenye mafuta mara tatu, kikatoka cheupe, nikaifunga kabatini nikijua nimeisafisha. Siku ya tano nikaivuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma. Ndani ya mtutu rangi ya chai ya rangi. Nilipopitisha kitambaa kikatoka na unga mwekundu. Ule mtutu umebaki na vidoti mpaka leo.

Kosa ni kwamba mafuta hayayeyushi chumvi. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Sasa hivi nikirudi uwanjani naweka birika jikoni kabla sijavua viatu. Naivua bastola, namimina maji ya moto kwenye mtutu kutoka nyuma kwenda mbele, mtutu wenyewe unapata joto na kujikausha haraka, napitisha vitambaa vikavu, namalizia kwa mafuta. Usisahau uso wa slaidi mahali risasi inapokaa, na ncha ya pini inayogonga fataki. Kesho yake nachungulia tena.

Jingine: chukua sumaku. Risasi hizo nyingi zina chuma kwenye kichwa, na viwanja vingi vya ndani hawazitaki kwa sababu zinaharibu ukuta wa nyuma na zinatoa cheche. Msimamizi atakuja na sumaku yake kwenye boksi lako kabla hujaingia. Ni bora ujue ukiwa nyumbani.

Fundi Chuma

Naongezea hapo kwa Tokarev, maana naijua kuliko zote. Wengi wanaidharau kwa sababu haina umaridadi. Fedor Tokarev alichukua wazo la Browning, mbunifu wa silaha wa Kimarekani, la mtutu unaoinama kidogo ili ujifungue, akalirahisisha mpaka likawa kitu ambacho kiwanda cha vita kinaweza kukitoa kwa maelfu. Nyundo na springi yake na vidude vyake vyote vinatoka juu kama kifurushi kimoja, unakisafisha mkononi. Askari kwenye baridi kali hana muda wa kutafuta pini iliyodondokea theluji.

Lakini jueni kwamba ya asili haina kifuli cha usalama. Ina nafasi ya nusu-koki tu kwenye nyundo, yaani nyundo inasimama katikati. Kile kifuli mnachokiona kwenye zilizoingizwa Marekani kimeongezwa ili zikubalike kisheria, na vingine vimefungwa kwa kazi ya haraka haraka. Mimi sikiamini hata kimoja. Chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, iwe tupu mpaka umesimama kwenye mstari unatazama shabaha.

Na hii ni muhimu zaidi: Mauser C96 ya Kijerumani ya 7.63 na Tokarev ya 7.62x25, risasi zao zinafanana kwa umbo kiasi kwamba moja inaingia kwenye chemba ya nyingine. Ya Tokarev ya kijeshi ina nguvu zaidi. C96 ni bastola ya 1896, yenye vyuma vilivyochongwa kwa wakati wake. Ukiilisha risasi za Tokarev unaweza kuivunja, na wewe uso wako uko sentimita chache nyuma yake. Halafu kuna C96 za 9 mm, zile ambazo Prussia, dola ya Kijerumani, iliagiza 1916, zimechongwa 9 kubwa kwenye mpini na kupakwa nyekundu. Ile 9 iliwekwa ili askari asikosee risasi, na wewe isome kwa sababu hiyo hiyo.

Mjukuu wa Keya

Asante Fundi. Hilo la risasi ningeliandika kwa wino mwekundu kama ningekuwa nao. Makosa mengi ninayoyaona ni ya namna hiyo, si bastola mbovu, ni risasi isiyo yake.

Enfield inapiga .38/200, ndilo jina la risasi yake. Hapa Marekani unanunua .38 S&W, umbo ni lile lile. Usichanganye na .38 Special, hiyo ni nyembamba kidogo, ndefu zaidi na ina nguvu zaidi. Sasa kuna revolva za Smith & Wesson zinazoitwa Victory, zaidi ya nusu milioni zilipelekwa Uingereza na nchi za himaya yake wakati wa vita, zote zikiwa za .38/200. Zilipouzwa baada ya vita, mafundi wengi walizitoboa chemba ziingie .38 Special kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani. Matokeo yake chemba ni pana nyuma na nyembamba mbele, na ganda linatoka limevimba tumbo au limepasuka. Webley za .455, revolva nyingine za Kiingereza, nazo nyingi zilichongwa nyuma ya silinda ili zipokee .45 ACP. Risasi ya kawaida ya .45 ACP inazidi shinikizo ambalo Webley ilipimwa nalo. Inaweza kukuvumilia mara hamsini, halafu siku moja silinda inafunguka.

Makarov nayo: wanaiita 9 mm, lakini kichwa cha risasi yake ni mm 9.27, na ile 9 mm ya kawaida ni 9.01. Jina moja, vitu viwili.

Na Enfield tena, kuna toleo la Mk I, nyota mbili, la mwaka 1942. Ili kuharakisha kazi waliondoa kipande kinachoizuia nyundo isiguse fataki bastola ikidondoka. Baada ya vita nyingi ziliitwa zikarudishiwa kipande hicho. Ukikuta nyota mbili, isipigwe mpaka fundi silaha amefungua na kuona kwa macho.

Dalali wa Ilala

Wakuu habari. Mimi niko Dar. Kuna mzee kijijini ana bastola ya mkoloni ameirithi, ina maandishi ya Webley. Anataka kuuza. Naweza kuwauzia nyie wa huko?

Mjukuu wa Keya

Ndugu yangu, hapana, na nakuomba usiishike hata kuipiga picha. Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya 2015, na silaha isiyo na leseni ni kesi kwa mzee na kwako uliyesimama katikati. Leseni yangu ya Ohio haina nguvu yoyote huko, na mimi siwezi kuingiza silaha Marekani kwa kuitia kwenye begi. Mzee aende polisi na mwenyekiti wa kijiji au mtu anayeaminika, aisalimishe. Aseme ameirithi. Inauma, najua, kwa sababu huenda ndiyo kitu pekee alichoachiwa. Andika alama zake zote zilizogongwa kama mzee mwenyewe atakusomea, basi hadithi ibaki kwenye familia.

Mkisauni wa Toronto

Kwa walioko Canada kama mimi: tangu tarehe 21 Oktoba 2022 kununua, kuuza na kuhamisha bastola kati ya watu binafsi kumesimamishwa. Mimi nilikuwa nimeshapata yangu kabla, P38 ya Mauser yenye herufi byf 44. Nikifa sijui itaenda wapi. Mkuu, hebu fafanua hizo herufi, wengi hawazijui.

Mjukuu wa Keya

Wajerumani walificha majina ya viwanda ili adui asijue kipi kinatengeneza nini. Kwenye P38, ac ni Walther wenyewe, byf ni Mauser, na 1945 Mauser wakabadilishiwa kuwa svw. Cyq ni Spreewerk. Kwa ac, byf na svw, namba mbili zinazofuata ni mwaka; cyq hazina mwaka. Cyq za mwisho wa vita zina alama za mashine waziwazi, mistari ya kukata haijalainishwa. Watu wanaziita mbaya. Mimi naona ndiyo zenye kusema zaidi, unapitisha kidole unahisi kiwanda kilichokosa muda.

Luger P08, nayo ya Kijerumani, ni ngazi nyingine. Karibu kila kipande kidogo kimegongwa tarakimu mbili za mwisho za namba yake, kwa sababu vilikuwa vinasawazishwa kwa mkono na cha bastola moja hakikai sawa kwenye nyingine. Ukiambiwa namba zinalingana, omba ifunguliwe na uangalie kimoja kimoja. Na muuzaji akikuletea hadithi ya jenerali aliyeibeba, omba karatasi. Askari wa Marekani waliorudi na silaha walizoteka walipewa hati, na hati hiyo ikiwa ya kweli na namba zinakubaliana, bei inapanda kihalali. Pasipo hati, mlipe chuma alichokushikisha.

Nyota ya Uvira

Ndugu zangu, nimesoma uzi wote mpaka hapa. Mimi niko Iowa, nilifika kama mkimbizi. Sipendi bunduki. Wanangu wakitazama fataki za sherehe za tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mimi naingia chini, kwenye chumba cha mashine ya kufulia. Sisemi muache. Nauliza tu, mtu anawezaje kupenda kitu kama hiki?

Mjukuu wa Keya

Dada (au kaka, nisamehe kama nimekosea), nakujibu kwa heshima.

Sina jibu litakalokutosha. Naweza kukwambia nilichokiona. Babu yangu hakupenda bunduki pia. Alirudi kutoka Burma, na mpaka anafariki hakushika hata gobore la kuwindia ngedere shambani, alikuwa akiita vijana. Lakini alitaka tujue kwamba alikuwepo. Kwenye picha za vita vile tunazoonyeshwa, watu kama yeye hawaonekani sana. Nikiishika ile Enfield nashika kitu ambacho aina yake alikiona kila siku, na wanangu wanauliza, na mimi nawaambia Kabaw iko wapi. Naipiga labda mara nne kwa mwaka. Siku nyingine imefungwa kwenye kabati la chuma, risasi zimefungwa chumba kingine.

Uwanja ninaoenda uko mbali na nyumba za watu, na tarehe nne Julai siendi. Pole kwa uliyoyapitia.

Nyota ya Uvira

Ni kaka. Nimekusikia. Asante.

Mzigua wa Minnesota

Wakuu narudi na mrejesho. Nilinunua Nagant badala ya Tokarev. Ya kiwanda cha Tula, Urusi, ina nyota yenye mshale ndani, na kijisanduku chenye mstari wa mshazari ambacho nimeambiwa ni alama ya kukarabatiwa ghalani. Ilifika imezama kwenye grisi, nimetumia wikendi nzima na maji ya moto na mswaki wa meno. Jana nimeipiga risasi 21. Triga ngumu sana! Nikivuta bila kukoki nyundo kwanza, mkono wote unatetemeka na risasi inaenda kusikojulikana.

Mjukuu wa Keya

Hongera sana. Ugumu huo una sababu. Kila ukivuta triga, unainua nyundo, unazungusha silinda, na juu ya hayo unaisukuma silinda nzima mbele mpaka izibe dhidi ya mtutu, na mdomo wa ganda unaingia ndani yake ili gesi isivuje. Ndiyo maana kwenye risasi zake kichwa kimezama chote ndani ya ganda. Hakuna revolva nyingine ya jeshi niijuayo inayofanya hivyo kila risasi. Koki nyundo kwa dole gumba, utaona inavyolenga. Wakati wa kutoa maganda usiwe na haraka, saba yote yanatoka moja moja kwa kijiti.

Na jioni ulifanya nini?

Mzigua wa Minnesota

Birika, mkuu. Kabla ya viatu.

Fundi Chuma

Mjukuu, mzee wako ameshaiona hiyo Enfield?

Mjukuu wa Keya

Ameiona. Alikuja mwaka juzi kutusalimia, kutoka Songea. Naomba nilieleze hili vizuri kwa sababu linawahusu wengi wanaopokea wazazi: aliyekuja kwa viza ya matembezi, sheria ya Marekani kwa kawaida haimruhusu kuwa na silaha, na kumpa mkononi, hata uwanjani kwa dakika moja, mnaweza kuingia matatani wote wawili. Kwa hiyo sikumpa. Niliifungua ikiwa tupu, nikabonyeza komeo la juu mtutu ukainama aone silinda haina kitu, nikailaza juu ya taulo mezani.

Mzee alisimama mikono nyuma, akainama akaitazama muda mrefu. Akaniuliza pete ile ni ya nini, nikamwambia ni ya kigwe. Hakusema neno. Aliinua kidole akakiweka shingoni, akakishusha polepole mpaka kiunoni.